Arthur Sullivan

Sir Arthur Seymour Sullivan (Lambeth, London, 13 Mei 1842 – London, 22 Novemba 1900) alikuwa mtunzi wa muziki na kiongozi wa okestra kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa opera 14 za kuchekesha alizotunga pamoja na mwandishi W. S. Gilbert kati ya miaka 1871 na 1896. Gilbert aliandika libreto, yaani maneno yote yanayosemwa na kuimbwa jukwaani, naye Sullivan alitunga muziki. Karibu zote zilisimamiwa na mfanyabiashara wa maonyesho Richard D'Oyly Carte.

Sullivan alitunga pia simfoni, oratorio, muziki wa tamthilia na nyimbo za kanisani. Tuni yake iliyosambaa zaidi duniani ni ile ya wimbo ambao Wakristo wa Afrika Mashariki huuimba kwa jina la Twendeni Askari.

Hati zake hazikupata bahati moja. Baadhi zilitunzwa vizuri, nyingine ziliuzwa, nyingine zilipotea au kuteketea kwa moto. Kwa sababu hiyo maisha yake yanaonyesha pia jinsi muziki wa jukwaani unavyoweza kuokoka au kupotea.

Utoto na elimu

Sullivan alizaliwa katika familia yenye kipato kidogo. Baba yake, Thomas Sullivan, aliyekuwa na asili ya Ireland, alipiga klarineti na baadaye akaongoza bendi ya chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Mama yake aliitwa Mary Clementina Coghlan. Arthur alikuwa na kaka mmoja, Frederic. Alikulia kati ya wanamuziki wa bendi, na akiwa bado mtoto alijifunza kupiga ala nyingi za kupuliza.

Mwaka 1854 alipokelewa katika kwaya ya kanisa la kifalme, Chapel Royal. Mwaka uliofuata wimbo wake mmoja wa kanisani ulichapishwa, ingawa alikuwa na umri wa miaka 13 tu. Mwaka 1856 alikuwa wa kwanza kupata ufadhili wa masomo ulioanzishwa kwa kumbukumbu ya mtunzi Felix Mendelssohn. Ufadhili huo ulimwezesha kusoma katika Royal Academy of Music mjini London, na kuanzia mwaka 1858 katika chuo cha muziki cha Leipzig, Ujerumani. Huko alifundishwa piano na Ignaz Moscheles. Mnorwei Edvard Grieg alikuwa mwanafunzi katika chuo hicho wakati huohuo.

Alihitimu mwaka 1861 kwa muziki alioutunga kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare The Tempest (Tufani). Muziki huo ulipopigwa katika ukumbi wa Crystal Palace, London, mwezi Aprili 1862, ulipendwa kiasi kwamba ulirudiwa wiki iliyofuata. Tangu siku hizo Sullivan alihesabiwa kuwa tumaini kuu la muziki wa Uingereza.

Mwanzo wa kazi

Umaarufu haukumletea fedha mara moja. Sullivan alijipatia riziki kwa kupiga kinanda kanisani, kufundisha na kutunga nyimbo za kuimbwa nyumbani. Mwaka 1866 ulikuwa na kazi nyingi: simfoni yake ya pekee, iitwayo ya Kiireland, konseto ya chelo, na In Memoriam, muziki wa okestra alioutunga baada ya baba yake kufariki ghafla mwezi Septemba. Mwaka huohuo alitunga Cox and Box, mchezo mfupi wa kuchekesha ambao ulimwonyesha kuwa na kipaji cha jukwaani.

Safari ya Vienna

Mwezi Oktoba 1867 Sullivan alisafiri hadi Vienna, Austria, pamoja na rafiki yake George Grove, ambaye baadaye alihariri kamusi kubwa ya muziki yenye jina lake. Walikuwa wakitafuta kazi za Franz Schubert, aliyefariki mwaka 1828 huku kazi zake nyingi zikiwa bado hazijachapishwa.

Walichotamani zaidi ni muziki wa tamthilia ya Rosamunde, iliyoonyeshwa mara mbili tu mwaka 1823. Waliukuta umefungwa katika kabati la jamaa wa Schubert. Ulikuwa katika vitabu vya wapigaji, kila ala na chake. Wakakaa usiku hadi saa nane wakinakili sehemu zilizokuwa zimekosekana. Hivyo, akiwa na umri wa miaka 25, Sullivan alijionea jinsi kazi ya bwana mkubwa inavyoweza kulala kabatini zaidi ya miaka 40, na kwamba anayeiokoa ni yule anayekubali kukaa na kuinakili.

Kazi pamoja na Gilbert

Thespis

Opera ya kwanza ya Gilbert na Sullivan ilikuwa Thespis, hadithi ya miungu ya Kigiriki iliyozeeka na kuwaachia waigizaji kazi zake kwa muda. Ilianza kuonyeshwa tarehe 26 Desemba 1871 katika ukumbi wa Gaiety, London. Kama michezo mingine ya Krismasi, ilitengenezwa kwa msimu mmoja. Ilionyeshwa mara 63, kisha kila mmoja akaendelea na shughuli zake.

Nota zake kamili hazikuchapishwa, na hadi leo hazijapatikana. Libreto imebaki. Katika muziki, wimbo mmoja ulichapishwa peke yake, kipande kimoja cha kwaya kiliingizwa na Sullivan mwenyewe katika opera ya baadaye, na mwaka 1990 muziki wa dansi wa opera hiyo ulitambuliwa tena. Watunzi kadhaa wamejaribu kutunga muziki mwingine juu ya maneno ya Gilbert ili mchezo uweze kuonyeshwa.

Trial by Jury na The Sorcerer

Mwaka 1875 D'Oyly Carte, aliyekuwa meneja wa ukumbi wa Royalty, alihitaji mchezo mfupi wa kujaza jioni. Gilbert na Sullivan wakampa Trial by Jury, kesi ya bibi harusi anayemshtaki mchumba aliyemwacha. Frederic, kaka wa Sullivan, aliigiza kama hakimu na kusifiwa sana. Mafanikio hayo yalimfanya Carte aanzishe kampuni ya kuonyesha opera za Kiingereza. Kazi ya kwanza ya kampuni hiyo ilikuwa The Sorcerer (Mchawi) ya mwaka 1877.

H.M.S. Pinafore na uharamia wa Marekani

H.M.S. Pinafore, iliyoanza tarehe 25 Mei 1878, ilionyeshwa mara 571 London. Nchini Marekani ilivuma zaidi, lakini watunzi hawakupata karibu chochote. Hadi mwaka 1891 sheria za Marekani hazikulinda hakimiliki ya kazi za wageni. Mtu yeyote aliweza kununua libreto na nota za piano zilizochapishwa London, kuajiri mwanamuziki wa kubuni sehemu za okestra, na kufungua maonyesho bila kulipa.

Mwezi Novemba 1879 Gilbert, Sullivan na Carte walikwenda New York kuonyesha Pinafore halisi na kuandaa opera mpya, The Pirates of Penzance (Maharamia wa Penzance). Sullivan alipofika aligundua kwamba karatasi za rasimu za sehemu ya kwanza alikuwa amezisahau London. Alilazimika kuandika upya kile alichokikumbuka, na ndipo alipochukua ile kwaya ya Thespis na kuitumia tena. Kipande hicho kiliokoka kwa sababu ya haraka ya siku hizo.

Opera hiyo ilizinduliwa New York tarehe 31 Desemba 1879. Siku moja kabla, ili kulinda haki nchini Uingereza, kundi dogo la waigizaji liliionyesha mara moja huko Paignton. Waliigiza wakiwa na karatasi za maneno mikononi na mavazi ya Pinafore mwilini. Nota za New York hazikuchapishwa, na zilifungiwa kila usiku baada ya onyesho ili wanakili wasizifikie.

Mbinu hiyo ilikuwa na gharama yake. Opera iliyobaki katika hati za mkono ilikuwa vigumu kuibwa, lakini ilikuwa rahisi kupotea. Hata baadaye nota za piano na libreto ziliuzwa madukani, lakini nota kamili za okestra za opera nyingi zilibaki mikononi mwa kampuni ya Carte. Mwaka 1885 walijaribu njia nyingine: walimtumia Mmarekani kupanga nota za piano za The Mikado ili ziwe na haki za Marekani, lakini mahakama ya New York haikukubali hoja yao.

Ukumbi wa Savoy

Mwaka 1881 Carte alifungua ukumbi wake mwenyewe, Savoy, jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa kote kwa taa za umeme. Opera ya Patience ilihamishiwa humo mwezi Oktoba mwaka huo, na kutokana na ukumbi huo kazi za Gilbert na Sullivan huitwa pia opera za Savoy.

Siku ya kuzindua Iolanthe, 25 Novemba 1882, Sullivan alipata habari kwamba mawakala waliomtunzia akiba yake wamefilisika. Hata hivyo jioni alisimama mbele ya okestra na kuongoza kama kawaida. Miezi michache baadaye alitia sahihi mkataba wa miaka 5 uliomtaka kutunga opera mpya kila alipoombwa na Carte. Mwezi Mei 1883 Malkia Viktoria alimpa cheo cha Sir. Wahakiki wengine waliona kwamba mtu mwenye cheo hicho hapaswi tena kutunga vichekesho.

Opera iliyofanikiwa kuliko zote ilikuwa The Mikado, iliyoanza tarehe 14 Machi 1885 na kuonyeshwa mara 672. Hadithi yake imewekwa Japani, ingawa watu wanaochekwa ndani yake ni watawala wa Uingereza. Siku hizi inaonyeshwa bado, lakini namna inavyowachora Wajapani imekosolewa, na baadhi ya makundi yameibadilisha.

Ugomvi wa zulia

Sullivan alilalamika mara kwa mara kwamba muziki wake unawekwa chini ya maneno, na kwamba hadithi za Gilbert zinajirudia. Mwaka 1890, wakati The Gondoliers ikijaza ukumbi, Gilbert alipinga hesabu za Carte, hasa gharama za zulia jipya la ukumbi. Sullivan alisimama upande wa Carte na suala likafika mahakamani. Walipatana baadaye, lakini opera zao mbili za mwisho, Utopia, Limited (1893) na The Grand Duke (1896), hazikufikia mafanikio ya zamani.

Muziki mwingine

Sullivan alitamani kukumbukwa kwa muziki mzito. Mwaka 1886 kantata yake The Golden Legend ilishangiliwa huko Leeds, ambako alikuwa kiongozi wa tamasha kuanzia mwaka 1880 hadi 1898. Mwaka 1891 alitoa Ivanhoe, opera yake kubwa ya pekee, iliyofungua jengo jipya la opera lililojengwa na Carte. Ilionyeshwa zaidi ya mara 150, idadi kubwa kwa opera ya aina hiyo, lakini haikutosha kuendesha jengo hilo, ambalo Carte alilazimika kuliuza.

Wimbo wake wa nyumbani uliopendwa zaidi, The Lost Chord, aliutunga mwezi Januari 1877 wakati kaka yake Frederic akiwa mahututi. Frederic alifariki siku chache baadaye.

Mwezi Agosti 1888 wimbo huo ulikuwa miongoni mwa miziki ya kwanza kurekodiwa Uingereza kwa fonografu ya Thomas Edison. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo Sullivan alihudhuria chakula cha jioni cha mwakilishi wa Edison na kurekodi salamu fupi. Alisema kwamba anaustaajabia uvumbuzi huo, lakini anaogopa wingi wa muziki mbaya utakaohifadhiwa milele. Rekodi hiyo ipo hadi leo, na sauti yake inasikika.

Maisha binafsi

Sullivan hakuoa. Kwa miaka mingi alikuwa karibu na Fanny Ronalds, mwimbaji Mmarekani aliyeishi London akiwa ametengana na mume wake. Frederic alipofariki, Sullivan aliisaidia familia yake na kumlea mpwa wake Herbert kama mtoto wake. Alipenda kucheza kamari, hasa Monte Carlo.

Tangu ujana aliugua figo. Sehemu kubwa ya muziki wake wenye furaha aliuandika usiku, siku chache kabla ya uzinduzi, akiwa na maumivu makali. Kuanzia mwaka 1881 aliandika shajara zinazoeleza kazi zake, afya yake na hata fedha alizoshinda au kupoteza.

Kifo

Sullivan alifariki nyumbani kwake London tarehe 22 Novemba 1900, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Alitaka kuzikwa pamoja na wazazi wake katika makaburi ya Brompton, lakini kwa amri ya Malkia alizikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Opera yake ya mwisho, The Emerald Isle, ilimaliziwa na Edward German. Mwaka 1903 mnara wa kumbukumbu uliochongwa na William Goscombe John ulisimamishwa karibu na ukumbi wa Savoy.

Hatima ya hati zake

Katika wosia wake Sullivan aligawa hati kadhaa. Nota za The Mikado zilikwenda Royal Academy of Music, za The Yeomen of the Guard zilikwenda Royal College of Music, na za Ruddigore alipewa Gilbert. The Lost Chord alimwachia Fanny Ronalds. Alipofariki mwaka 1916, hati hiyo ilizikwa pamoja naye.

Nyingine zilibaki kwa familia. Mwaka 1966 nyingi kati ya hizo ziliuzwa kwa mnada London na kutawanyika. Hati ya The Pirates of Penzance ipo sasa katika maktaba ya Morgan, New York, ambayo ina mkusanyiko mkubwa wa barua, libreto, picha na vipeperushi vya maonyesho ya Gilbert na Sullivan. Shajara zipo katika Chuo Kikuu cha Yale. Karatasi za Gilbert zipo katika Maktaba ya Uingereza.

Konseto ya chelo ya mwaka 1866 haikuwa na bahati hiyo. Nota zake ziliteketea mwaka 1964 katika moto uliounguza jengo la wachapishaji wake. Kiongozi wa okestra Charles Mackerras, aliyewahi kuiongoza mwaka 1953, alishirikiana na David Mackie kuijenga upya kwa msaada wa kumbukumbu yake na sehemu ya mpiga chelo iliyosalia. Ilipigwa tena mwaka 1986.

Maneno ya opera yaliokoka kwa urahisi zaidi kuliko muziki. Vijitabu vya libreto viliuzwa kwa watazamaji ukumbini, na sheria ya wakati ule ilitaka kila mchezo upelekwe kwa afisa wa kifalme ili upewe kibali kabla ya kuonyeshwa. Nakala za ofisi hiyo zimehifadhiwa, kwa hiyo udhibiti wa serikali umewaachia watafiti matini za awali, pamoja na mistari iliyoondolewa baada ya usiku wa kwanza.

Kampuni ya D'Oyly Carte iliendelea kuonyesha opera hizo kwa kufuata desturi zake hadi ilipofungwa mwaka 1982. Hakimiliki ya muziki wa Sullivan ilikwisha Uingereza mwishoni mwa mwaka 1950, na ya maneno ya Gilbert mwishoni mwa mwaka 1961. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kuzionyesha na kuzinakili.

Kumalizika kwa haki hizo ndiko kulikowezesha hifadhi za mtandaoni. Mwaka 1993, intaneti ilipokuwa bado changa, wapenzi wa opera hizo walianzisha Gilbert and Sullivan Archive, iliyokusanya libreto, nota, picha na habari za waigizaji ili zisomwe bila malipo. Nota nyingi za Sullivan zinapatikana pia katika maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Kuenea kwa nakala, ambako watunzi walikuogopa walipokuwa hai, sasa ndiko kunakolinda kazi zao dhidi ya moto na usahaulifu. Hata hivyo kile ambacho hakikunakiliwa kwa wakati wake, kama sehemu kubwa ya Thespis, hakuna mtandao unaoweza kukirudisha.

Opera za Gilbert na Sullivan

- Thespis (1871)
- Trial by Jury (1875)
- The Sorcerer (1877)
- H.M.S. Pinafore (1878)
- The Pirates of Penzance (1879)
- Patience (1881)
- Iolanthe (1882)
- Princess Ida (1884)
- The Mikado (1885)
- Ruddigore (1887)
- The Yeomen of the Guard (1888)
- The Gondoliers (1889)
- Utopia, Limited (1893)
- The Grand Duke (1896)

Tazama pia

- W. S. Gilbert
- Richard D'Oyly Carte
- Franz Schubert
- Opera
- Hakimiliki